Ekipi ya maziko ya Ebola: sheria inaanza na shefu

Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na tarehe 25 Juni 2020, Ebola ilipita mu Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Watu 3.470 waliugua, na 2.287 kati yao wakakufa. Mwili wa mutu aliyekufa na Ebola unabaki na virusi vingi sana. Kuuogesha ao kuugusa mu kilio kunaweza kuleta ugonjwa mu nyumba nzima. Ndiyo maana kazi ya kuzika ilipewa ekipi zilizofundishwa, kama zile za Msalaba Mwekundu.

Mu ekipi kuko wenye kubeba mwili, mwenye kupuliza klore, mwenye kuzungumuza na jamaa, na musimamizi, yule wanaita shefu. Kufuatana na muongozo wa OMS, shefu havai mavazi ya kujikinga. Anabaki mbali na mwili, ili aone kila mutu.

Mbele ya kuvaa

Ekipi inafika kwa jamaa bila mavazi ya kujikinga. Inasalimia, inatoa pole, inaeleza kazi, na kungojea jamaa ikubali. Hapa sheria ni heshima. Kama shefu anaongea kwa haraka ao kwa ukali, wenzake watafanya vile vile, na jamaa itakataa.

Kisha wanavaa, wawili wawili. Kila mumoja anaangalia mwenzake: ga, maski, miwani, buti. Kama ngozi inaonekana hata kidogo, hakuna mwenye kuanza. Kazi ingojee, hata kama jua inazama.

Wakati wa kuvua

Kuvua ndiko kunaogopesha zaidi, juu mutu amechoka, anasikia joto, na anataka kumaliza. Hatua zinafuatana moja moja, polepole, na mwenzake anamuangalia. Ga na buti zinaoshwa na klore ya 0,5 %, mikono mitupu na ya 0,05 %. Hakuna kuruka hatua juu ya kusema « mi nazoea ». Mwenye kuzoea ndiye anasahau mbio.

Kama kuna kosa

Ga ikipasuka, mutu anasema palepale, anaacha kazi, anatoka, ananawa. Shefu anatoa habari kwa waganga, na mutu anafuatiliwa siku 21. Hapa ndipo shefu anajulikana. Akimupigia kelele mbele ya watu, kesho mwingine ataficha. Na kosa lenye kufichwa linarudia na mutu kwake, kwa bibi na watoto. Kwa hiyo mwenye kusema kosa lake anashukuriwa. Mwenye kuvunja sheria kwa makusudi, yeye anatolewa kwanza kwenye kazi na kurudishwa kwa mafunzo.

Sheria hiyo inamugusa shefu pia. Akikaribia mwili bila kujikinga, hata kijana wa mwisho mu ekipi ana haki ya kusema: « Shefu, simama! » Shefu mwenye kukasirika juu ya neno hilo amefundisha ekipi yake kunyamaza. Mwenye kurudi nyuma na kusema aksanti amefundisha kila mumoja kuchunga mwenzake, hata siku yeye hayuko.

Kisha maziko, ekipi inakaa pamoja. Wanasema nini ilienda muzuri, na nini iliharibika. Shefu anaanza na makosa yake mwenyewe.