Siagi, Kitambaa na Jua la Kibumba

Ukipanda Kibumba kutoka Goma utatafuta koti kwanza. Ukungu unadanganya: mtu anasikia baridi, anasahau jua. Kumbe tuko karibu na Ikweta, na kila mita 1,000 unazopanda, miale inayounguza ngozi inaongezeka kama asilimia 10. Goma peke yake iko mita 1,500 hivi, na Kibumba ni juu zaidi.

Zamani wafugaji wa huku kwenye volkano walijipakaa siagi ya ng'ombe, maziwa yakisukwasukwa ndani ya kibuyu mpaka mafuta yakajitenga. Leo wengine wanasema eti ilikuwa dawa ya jua. Hapana! Ilikuwa juu ya baridi na ngozi kupasuka, na watu walipenda ule mng'ao. Jua lilizuiwa na weusi wa ngozi yenyewe, na kivuli, na baadaye kitenge na kofia. Kivuli nacho kilipungua sana 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kibumba na miti ikakatwa kuwa kuni.

Sasa zimeingia krimu za kujichubua, zenye hidrokinoni au zebaki. Zinapunguza rangi ile ile inayotukinga. Mama analima mashu saa sita, uso unaungua, madoa yanatokea, anaongeza krimu, kesho tena shambani.

Ndugu zetu albino wamezaliwa bila kinga hiyo. Kwao kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kuzuia jua si urembo: saratani ya ngozi inawakuta wangali vijana.