Mgeni Aliyepewa Jembe



Yako maneno ambayo sisi watangazaji huyasoma kwa sekunde mbili, kisha tukaendelea na habari za mpira. “Wahamiaji haramu” ni mojawapo ya maneno hayo. Mtu wa Dar es Salaam huyasikia akaendelea na chai yake. Lakini kule Mabira, Kyerwa, mkoani Kagera, yapo majumba ambamo maneno hayo yakisikika redioni, mazungumzo hukatika. Hofu hiyo ina historia yake, na ndiyo ninayotaka tuitazame wiki hii.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1861, Mukama Rumanyika alipompokea Mwingereza Speke huko Bweranyange, Karagwe ilikuwa dola, na mto Kagera ulikuwa njia ya kuvuka kwenda kwa majirani. Mpaka tunaoujua waliuchora Wazungu, tena hawakuuchora mara moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Wajerumani, eneo la Gisaka, mashariki ya Rwanda, lilitolewa kwa Waingereza waliokuwa wakiota reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Kabla ya mwaka 1924 kwisha, likarudishwa kwa Wabelgiji. Mkulima wa Gisaka hakuhama hata hatua moja, lakini alibadilishiwa mabwana zaidi ya mara moja.

Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi waliikimbia Rwanda kuokoa roho zao, na baadhi yao wakaingia kwetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe wakapewa, na ardhi pia. Mwaka 1980 serikali ilifungua mlango wa uraia kwa makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Nishani ya Nansen kwa ukarimu wa nchi yetu kwa wakimbizi. Hata hivyo uraia ni karatasi, na karatasi haikufika kila nyumba. Wapo waliodhani kwamba jembe lilitosha.

Kisha ukaja mwaka 1994. Ndege ya Rais Habyarimana, aliyekuwa akirejea kutoka mkutano wa Dar es Salaam, iliangushwa Kigali tarehe 6 Aprili. Katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi. Maji ya Kagera yalibeba maiti, yakazipitisha kando ya Karagwe hadi Ziwa Victoria. Tarehe 28 Aprili likafurika daraja la Rusumo: kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 waliingia Ngara. Kambi zikajaa Benaco, na kwa upande wa Karagwe zikafunguliwa nyingine, kama vile Kagenyi na Chabalisa.

Tuwe wakweli. Mzigo ule haukuwa mdogo. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, ng’ombe waliibwa, na kwa miaka mingi mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Isitoshe, miongoni mwa wakimbizi walikuwamo waliochochea na kutenda mauaji. Mwenyeji aliyechoka alikuwa na sababu. Lakini tarehe 5 Desemba 1996 serikali, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilipotangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, muuaji na mtoto mchanga walipewa tarehe ile ile. Wengine walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Askari wakawageuza kuelekea Rusumo.

Miaka 17 baadaye ikawa zamu ya wale wa jembe. Mwishoni mwa Julai 2013, Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Mwezi Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka kuingia Rwanda, na miongoni mwao walikuwamo watu walioishi hapa miongo kadhaa. Wengine waliacha wake au waume, mifugo na mashamba. Mtu ambaye mpaka ulimkuta, au aliyezaliwa na mkimbizi, alitakiwa aonyeshe kwa siku chache karatasi ambayo hakuna aliyemdai kwa miaka 40.

Hakuna anayebisha kwamba serikali ina haki ya kujua nani yumo ndani ya mipaka yake. Mashaka yangu ni juu ya haraka. Jinai huulizwa mtu mmoja mmoja; na uraia vivyo hivyo. Aitwe mtu kwa jina lake, apewe muda wa kuleta mashahidi waliomwona akikua, asikilizwe, na akishindwa awe na mahali pa kukata rufaa. Kufukuza kundi ni kazi ya wiki mbili, lakini kurudisha aliyefukuzwa kwa makosa kwaweza kushindikana maisha yote.

Nasi wa redio tusijitoe. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wanahabari wa Rwanda, wakiwamo waanzilishi wa redio RTLM, iliyowaita jirani zao mende. Sisemi kwamba “wahamiaji haramu” ni sawa na “mende”, la hasha. Nasema kwamba neno linalofuta jina la mtu humrahisishia mwingine kazi ya kumtendea lolote. Tunaposoma kwamba watu mia tano wameondolewa, tuulize pia: ni akina nani, wameishi hapo tangu lini, na shamba lao sasa analima nani?

Swali hilo la mwisho, ndugu msikilizaji, ndilo lisiloulizwa mara nyingi. Mara nyingine ndilo lenye jibu la kwa nini fulani alishtakiwa kuwa mgeni.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.