Ukimya wa Mtoto si Utulivu: Funzo la Miaka ya Karantini

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi walimu wa lugha tumezoea kusikiliza kile anachosema mwanafunzi. Katika makala haya tunatazama kile ambacho mtoto mdogo hakukisema alipotengwa na wenzake kwa sababu ya maradhi.

Neno karantini lina asili yake katika siku 40 ambazo meli zilizuiwa bandarini Venice ili tauni isiingie mjini. Hapa Uganda, kwa watoto wa chekechea, siku hizo zilikuwa takribani miezi 22. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Madarasa ya watahiniwa yalirejea Oktoba 2020, mengine yakafuata kwa awamu mwaka 2021, kisha shule zikafungwa tena Juni mwaka huo. Chekechea zilisubiri muda wote huo hadi tarehe 10 Januari 2022. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu alipoambiwa abaki nyumbani alikuwa akikaribia mitano aliporuhusiwa kurudi.

Masomo yalitolewa kwa redio, runinga na magazeti. Hata hivyo, redio haichezi na mtoto. Katika umri huo, mtoto hujifunza kungoja zamu, kugombana na kupatana kwa njia ya michezo. Aidha, hajui virusi ni nini. Anachokiona ni kwamba shangazi haji tena, mtoto wa jirani amekatazwa kumshika mkono, na watu wazima wamevaa barakoa. Ni rahisi adhani kwamba amekosa jambo na anaadhibiwa.

Historia ilikuwa imekwisha kutuonya. Nchini Uingereza, hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliwawekea wazazi vikwazo vikali vya kuwatembelea watoto waliolazwa, mojawapo ya sababu ikiwa hofu ya maambukizi. Mtoto alilia siku za kwanza, kisha akanyamaza. Wauguzi walisema amezoea. James Robertson, aliyefanya kazi na John Bowlby jijini London, aliona vingine. Kwa filamu yake ya mwaka 1952 kuhusu mtoto wa miaka miwili hospitalini, alionyesha kwamba ukimya ule ulikuwa huzuni. Alieleza hatua tatu: kupinga, kukata tamaa, na hatimaye kujitenga kihisia. Wengi walimpinga, lakini mwaka 1959 ripoti ya Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vikwazo.

Ni kweli kwamba watoto wetu wengi hawakutenganishwa na wazazi, na hiyo ilikuwa kinga kubwa. Funzo, hata hivyo, ni lile lile: mtoto aliyenyamaza si lazima awe ametulia.

Watoto wale sasa wamo katika shule za msingi, na baadhi yao watafundishwa na wanafunzi wetu wa ualimu. Tunawaomba wasiharakishe kumwita mtoto mkimya mzito wa kuelewa, wala kumsifu tu kwamba ana adabu. Wampe hadithi, vitendawili na michezo ya maigizo, na wampe muda wa kujibu. Kabla ya kumfundisha sarufi, tumsaidie kupata maneno ya kusema: niliogopa, nilikuwa mpweke, niliwakumbuka wenzangu.