Jina Lilisema Juu ya Mti, Wao Wakaizika Udongoni

Okidi yangu ya kwanza niliiua kwa wema. Nilipewa zawadi ikiwa na maua matano meupe, ndani ya kikopo cha plastiki kilichojaa vipande vya magome ya mti. Nikaionea huruma. Mmea gani huu unaolishwa takataka za kiwanda cha mbao? Nikanunua chungu kizuri cha kufinyanga, nikajaza udongo mweusi na mbolea ya ng'ombe, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Haikumaliza mwezi wa pili. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Aliing'oa kwa vidole viwili tu, akanionyesha mizizi iliyokuwa imeoza, laini kama tambi zilizolala.

"Mwanangu," akaniambia, "huu mmea haukufa kwa kiu. Umeuzika ukiwa hai."

Nilijisikia mjinga kwa muda mrefu, mpaka nilipoanza kusoma historia ya maua haya. Kumbe ujinga wangu una ukoo mkubwa. Mabwana wa Uingereza, wenye majumba ya vioo, watunza bustani wa kuajiriwa na fedha za kutupa, walifanya kosa hilohilo kwa miaka mingi. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliua mmoja.

Tuanze na jina, maana wasomaji wa hapa ni watu wa maneno. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, yule Msweden aliyeipa mimea na wanyama majina ya Kilatini, alizikusanya okidi nyingi za nchi za joto katika kundi moja akaliita Epidendrum. Ni maneno mawili ya Kigiriki: epi, yaani juu ya, na dendron, yaani mti. Juu ya mti. Mwaka 1790 João de Loureiro, padri Mreno aliyeishi Vietnam, akaipa jamii nyingine ya okidi jina la Aerides, linalotokana na neno la hewa. Kwa hiyo yeyote aliyesoma kibandiko alikuwa ameshaambiwa: mmoja anakaa juu ya mti, mwingine anaishi kwa hewa. Halafu akachukua koleo akachimba shimo.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu walizoea okidi za kwao. Okidi za Ulaya huota ardhini na zina viazi viwili chini ya udongo; hata neno lenyewe okidi limetoka kwenye neno la Kigiriki la korodani, kwa umbo la viazi hivyo. Sisi pia tunazo za namna hiyo. Ukipanda Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, msimu wa mvua unakuta okidi zimechanua katikati ya nyasi. Lakini zile za misitu ya joto nyingi ziko juu kwenye matawi. Si vimelea, kama wengi tunavyodhani. Hazinyonyi mti. Zimepanga tu, kama mpangaji anayekaa ghorofa ya juu na kujitafutia chakula chake mwenyewe.

Namna zinavyojitafutia ndiyo siri yenyewe. Mzizi wa okidi ya mtini umevikwa gamba nene la seli zilizokufa, mfano wa sifongo. Mvua ikinyesha, gamba linafyonza maji kwa haraka na mzizi unageuka kijani. Jua likitoka unakauka na kurudi rangi ya fedha. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, ndiyo maisha yake. Ukiufunika kwa udongo unaoshika maji siku nzima, ule mzunguko unakatika, hewa inakosekana, uozo unaingia. Mzee wangu wa barabarani hakukosea neno hata moja.

Sasa turudi Uingereza. Mwaka 1787 okidi moja ya mtini kutoka nchi za joto ilichanua katika bustani ya kifalme ya Kew, na hamu ikaanza kupanda. Mwaka 1812 Loddiges, wauzaji wa miche wa Hackney, London, wakaanza kuzikuza kwa ajili ya biashara. Nyumba za kuzitunzia ziliitwa majiko, na kweli zilikuwa majiko: vioo vimefungwa, moshi wa makaa, mvuke, hewa haipiti. Ndani yake kulikuwa na mashimo yaliyojazwa magome ya mwaloni kutoka kwa watengeneza ngozi. Magome yalipochacha yalitoa joto, na vyungu vya mimea vikachomekwa humo. Hebu fikiria: okidi imeletwa kutoka nusu ya dunia, imezungukwa na magome pande zote, na bado mizizi yake imefungiwa kwenye udongo ndani ya chungu.

Zilikufa kwa maelfu, mpaka ikawa inasemwa kwamba Uingereza ni kaburi la okidi za nchi za joto.

Wachache walianza kushtuka. Sir Joseph Banks, aliyewahi kuzunguka dunia na Kapteni Cook, alikuwa na bustani Isleworth, nje kidogo ya London. Katika miaka ya 1810 yeye na watu wake walijaribu kuziweka kwenye vikapu vya fito vyenye matundu, pamoja na ukoga wa miti, wakavitundika. Mizizi ikatokeza nje, ikapata hewa, mimea ikachangamka. Ni jambo dogo, lakini ndipo mtu alipoacha kuuliza "udongo gani unafaa?" akauliza "je, inahitaji udongo?"

Swali la joto lilichukua muda zaidi. John Lindley, mtaalamu mkubwa wa okidi wa zama zake, alitoa ushauri mwaka 1830 uliosisitiza joto kali, unyevu mwingi na kivuli. Wenye bustani wakatii. Lakini okidi nyingi hutoka milimani, kwenye ukungu na upepo wa baridi. Mtu aliyesaidia kubadili mambo ni Joseph Paxton, mtunza bustani wa Mtawala wa Devonshire pale Chatsworth, ndiye huyo aliyekuja kusanifu jumba la vioo la Crystal Palace mwaka 1851. Mwaka 1835 kijana wake wa kazi, John Gibson, alitumwa India, akafika vilima vya Khasi na kurudi na shehena kubwa ya okidi. Chatsworth wakatenganisha nyumba kwa viwango vya joto, wakafungua madirisha, wakaacha hewa ipite. Vifo vikapungua. Pamoja na vyungu na vikapu, vipande vya mbao vikaanza kutumika: okidi inafungwa kwenye gogo, inatundikwa, inanyunyiziwa maji.

Ningependa kuishia hapo, maana hadithi ya watu waliojifunza ni tamu. Ila mlango wa pili wa habari hii unanuka.

Walipojua kuzikuza, walizitaka nyingi zaidi. Wauzaji wakatuma wawindaji wa okidi Amerika Kusini na Asia. Mmoja wao, Mwingereza Albert Millican, aliandika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1891. Humo anaeleza, bila aibu yoyote, kazi ya takriban miezi miwili nchini Colombia: walipata mimea kama 10,000, na ili kuipata walikata miti kama 4,000. Kukwea kulichukua muda, shoka lilikuwa jepesi zaidi. Mti ukianguka, okidi unaichuma kama embe lililodondoka.

Niliposoma hapo nikafunga kitabu kidogo. Miti 4,000 inaangushwa kwa sababu ya wapangaji wake. Wapangaji wanapakiwa kwenye masanduku, wengi wanafia baharini. Waliosalia wanafika London, na mtunza bustani makini, aliyesoma maarifa mapya, anaenda kutafuta nini? Kipande cha mti cha kuwafungia.

Nasema hivi si kwa ajili ya kuwacheka marehemu. Kuna maarifa yaliyoonekana Ulaya kama ugunduzi, na kwingine yalikuwa ni mazoea ya nyumbani. Kule Costa Rica watu walizoea kuotesha guaria morada, okidi ya zambarau, juu ya kuta na mapaa ya vigae. Mwaka 1939 likatangazwa ua la taifa. Na vanila, ambayo watu wengi hawajui kuwa ni okidi, mkulima wa Kagera au Uganda huipandisha kwenye mti ulio hai, kwa mfano mbono. Kila ua analichavusha kwa mkono, kwa njia aliyoivumbua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841. Mtoto huyo hakuwa na jumba la vioo. Alikuwa na kijiti na macho.

Kwetu pia ipo okidi chui, Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Hukaa juu ya miti kama mbuyu na mkoche. Sehemu ya mizizi yake huelekea juu, imesimama kama miiba, ikafanya kikapu kinachodaka majani makavu. Majani yanaoza humo na kuwa chakula. Yaani mmea wenyewe umejisukia kikapu kabla Banks hajazaliwa.

Leo wanaopenda kufunga okidi kwenye mbao hutumia sana gome la mti wa koki wa Ureno na Uhispania. Gome hilo hubanduliwa kila baada ya miaka tisa hivi, na mti unabaki umesimama. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, hivyo kuivusha ya porini mpakani bila kibali ni kosa. Sisemi kila mtu atupe chungu chake. Okidi ya kwenye gogo hukauka haraka, na katika nyumba yenye kiyoyozi itakudai maji kila siku. Chungu chenye vipande vya magome ni maafikiano ya haki. Shida ni udongo.

Yangu ya pili iko kwenye mwembe uani. Mzee alinipa masharti: makumbi ya nazi kidogo nyuma ya mizizi, kitambaa cha soksi kuukuu kukaza, upande usiopigwa na jua la mchana. "Usiibane sana," akasema, "itashika yenyewe." Miezi minne baadaye nilikata soksi. Mizizi ilikuwa imelala juu ya gome, imeng'ang'ania kwenye nyufa, haitikisiki. Mvua ya asubuhi ilikuwa imepita muda si mrefu, na yote ilikuwa ya kijani.

Maua bado. Nasubiri, na sasa nasoma vibandiko kabla ya kushika koleo.