Kiwambo cha bunduki ni cha kulinda masikio

WENGI hudhani kuwa kiwambo cha kuzuia sauti huifanya bunduki kuwa bubu, kama ionekanavyo katika filamu. La hasha! Mlio wa bunduki ya kuwindia aghalabu huzidi desibeli 160, ilhali mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 waweza kumtia mtu uziwi wa kudumu. Kiwambo kizuri hupunguza takriban desibeli 20 hadi 35.

Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kifaa hiki mwaka wa 1909. Vyumba vilivyomo ndani yake huinasa gesi ya baruti, ikapoa na kutoka polepole. Hata hivyo, risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, bado huacha kishindo hewani.

Nchini Finland na Norway, wawindaji wengi hutumia viwambo. Jambo la kwanza kwa mnunuzi ni kuhakikisha kiwambo kinaafiki kipenyo na nguvu ya risasi zake, na kwamba hesi zake zinalingana na za mtutu. Kikikaa upande, risasi yaweza kukipasua.

Mwindaji atembeaye kutwa hufaidika na kiwambo chepesi cha titani au aluminiamu. Mlenga shabaha, afyatuaye risasi mfululizo, huhitaji cha chuma kinachostahimili joto.

Kwa kuwa kiwambo hubadili mahali risasi inapogonga, sharti darubini irekebishwe upya. Na masikio yazidi kuzibwa: kiwambo husaidia, lakini pekee hakitoshi.