Barakoa ya Usingizi na Sisi Tunaopumulia Mdomo

Leo siasa tuziweke kando. Nataka tuzungumze habari ya usingizi.

Kwetu mtu akikoroma tunasema kalala fofofo, kachoka na kazi, mwacheni apumzike. Ni mara chache tunajiuliza kama huyo anayekoroma anapumua. Kuna ugonjwa ambao koo la mtu aliyelala hulegea na kujifunga. Pumzi hukatika kwa sekunde kumi, ishirini, hata zaidi, kisha ubongo humshtua, akavuta hewa kwa kishindo na kulala tena bila kukumbuka chochote. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, jambo hilo hujirudia mara mamia kwa usiku mmoja. Madaktari wanaliita apnia ya usingizi.

Ninao ugonjwa huo. Nina miaka ishirini na saba, si mnene, na kabla ya kupimwa nilikuwa nasinzia kwenye mikutano ya waandishi wa habari mpaka wenzangu wakaamini nakesha baa. Huu ni mwezi wa nne nalala na barakoa usoni. Barakoa hiyo imeunganishwa kwa bomba na mashine ya kusukuma hewa, ile ambayo hospitalini wanaiita CPAP. Lakini nina jambo la pili: tangu utotoni napumulia mdomo. Shuleni waliniita Mdomo Wazi. Na mashine hii, kama nitakavyoeleza, haikubuniwa kwa ajili ya watu wa aina yangu. Ndiyo maana nikaanza kufukua historia yake.

Tuanzie mbali kidogo. Katika riwaya ya The Pickwick Papers, iliyotoka kwa mafungu kati ya 1836 na 1837, Charles Dickens alimchora kijana mtumishi aitwaye Joe, mnene, anayelala popote alipo, hata akiwa amesimama. Wasomaji wa Uingereza walicheka. Miaka mia moja na ushee baadaye, mwaka 1956, daktari Sidney Burwell na wenzake wa Boston waliandika habari za mgonjwa wao, mfanyabiashara wa miaka 51. Huyu bwana alikuwa akicheza karata za pesa, akagawiwa mkono wenye ree tatu na wafalme wawili, na pesa hizo hakuzila kwa sababu alipitiwa na usingizi hapo hapo mezani. Madaktari wale walimkumbuka Joe, wakaupa ugonjwa jina la riwaya.

Ila jina lile lilikuwa na mtego ndani yake. Lilifanya watu waamini kwamba tatizo ni unene tu. Hakuna aliyekaa usiku kucha akasikiliza mgonjwa anavyopumua. Kazi hiyo ilifanywa mwaka 1965, Gastaut na wenzake wakiwa Marseille, na Jung na Kuhlo wakiwa Ujerumani. Walipima pumzi za wagonjwa usiku wakaona zinakatika, zinarudi, zinakatika tena. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaueleza ugonjwa kwa mapana, na ikaonekana kwamba hata watu wembamba wanao. Nilipolisoma hilo nilifurahi, maana kuna jamaa zangu hadi leo wanabisha: "Wewe na huo mwili, ugonjwa wa wanene umeupata wapi?"

Basi, ugonjwa ukajulikana. Tiba je? Tiba ya uhakika wakati huo ilikuwa kumtoboa mgonjwa shingo, chini ya pale koo linapojifunga, na kumwekea bomba la kupitishia hewa. Ilifanya kazi vizuri sana. Lakini fikiria kuishi na tundu shingoni: kulisafisha kila siku, kuliziba ili uongee, kuogopa maji.

Juni 1980, mjini Sydney, mgonjwa mmoja aliyezidiwa aliambiwa atobolewe akakataa. Daktari wake, Colin Sullivan, alikuwa ametoka Toronto, alikotafiti upumuaji wa mbwa waliolala. Akapata wazo: kama koo linajifunga kwa kulegea, kwa nini lisijazwe hewa ya shinikizo ili libaki wazi? Mtu aliyevunjika mkono hufungwa gango, kile kibao cha kuunyoosha. Sullivan alitaka kuliwekea koo gango la hewa. Wakaunga mabomba laini kwenye matundu ya pua, wakayaziba pembeni kwa silikoni, wakawasha mota ya kupuliza. Mgonjwa akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka.

Aprili 1981 matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa katika jarida la Lancet. Shinikizo lililotumika lilikuwa dogo tu, sentimeta 4.5 hadi 10 za maji. Katika miaka iliyofuata kila mgonjwa alichukuliwa sura ya pua kwa plasta, akatengenezewa barakoa yake mwenyewe, na kila usiku akaibandika kwa gundi. Kila usiku, jamani! Mimi nikilalamika kuhusu mikanda inayoacha alama mashavuni, nawakumbuka wale.

Sasa sikilizeni. Kichwa cha makala ile ya 1981 kinataja wazi kwamba hewa ilipitishwa kwenye matundu ya pua. Na haikuwa bahati mbaya. Hewa ikisukumwa puani, kaakaa laini lile la nyuma husogea mbele na kuukandamiza ulimi, mdomo ukawa umezibwa kwa ndani. Mfumo mzima ulitegemea hilo: hewa iingie puani, mdomo ujifunge wenyewe.

Na asiyefunga mdomo? Hapo ndipo nilipo mimi. Usiku wangu wa kwanza hewa iliingia puani na kutokea mdomoni kwa sauti ya tairi lenye pancha. Shinikizo lililopaswa kushikilia koo likamwagika nje. Asubuhi ulimi ulikuwa mkavu kama ubao na pua zimeziba kabisa. Nikapewa mkanda wa kufunga kidevu. Ulihama hadi kwenye paji la uso kabla ya saa nane usiku.

Kuziba kule kwa pua ndiko kulikonishangaza zaidi, mpaka nilipokuta utafiti wa mwaka 1996, wa timu ya Sydney ile ile, Sullivan akiwamo. Ukipumua kawaida, pua hupasha hewa joto na kuipa unyevu inapoingia, kisha hurudishiwa sehemu ya unyevu huo unapotoa pumzi. Hewa ikiingia puani na kutokea mdomoni, pua inatoa tu, hairudishiwi kitu. Inakauka, inavimba, inaziba. Ikiziba, mdomo unafunguka zaidi. Mdomo ukifunguka, pua inakauka zaidi. Ni mduara usio na mlango. Timu ile ilionyesha kwamba hewa ikipitishwa kwanza kwenye maji yaliyopashwa moto, uvimbe huo unapungua sana.

Yaani miaka kumi na tano ilipita kati ya makala ya kwanza na maelezo haya. Nawaza wangapi waliiacha mashine katika kipindi hicho wakijiona ni wazembe. Mwaka 1993 Nancy Kribbs na wenzake wa Pennsylvania waliweka vifaa vya siri vya kuhesabu saa katika mashine za wagonjwa 35. Asilimia 60 walisema wanatumia kila usiku. Hesabu ilionyesha kwamba waliofikisha angalau saa nne kwa asilimia 70 ya siku walikuwa 16 tu. Wengine wanausoma utafiti ule kama habari ya wagonjwa waongo. Mimi nauona kama habari ya watu waliokuwa na shida usiku na kuona aibu kuisema mchana.

Kuna jambo lingine la zamani linalorudi kwa kasi. Mwaka 1862 mchoraji wa Kimarekani George Catlin, aliyepata umaarufu kwa kuwachora wenyeji asilia wa bara lile, alitoa kitabu cha kuhimiza watu walale wakiwa wamefunga midomo. Alidai maradhi mengi chanzo chake ni mdomo wazi. Leo kwenye mitandao vijana wanabandika plasta midomoni usiku kwa imani ile ile. Catlin hakukosea kuisifia pua, pua ni kiyoyozi cha bure. Lakini mtu ambaye pua yake imeziba, au ana apnia asiyoijua, akijifunga mdomo kwa plasta anacheza na pumzi yake. Mdomo wazi mara nyingi ni dalili. Tafuta kwanza kwa nini pua imeshindwa kazi.

Daktari wangu alianzia hapo. Alitibu mzio wa pua kwa dawa ya kupuliza. Akaniambia nivae barakoa jioni nikiwa macho, nikisoma au nikitazama mpira, ili uso uizoee. Akaongeza kile kichombo cha maji ya moto. Bado mdomo ulifunguka, ndipo akanipa barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja. Nayo ina gharama yake: inaweza kusukuma taya nyuma, mara nyingi inadai shinikizo kubwa zaidi, na watu wengi huivumilia kwa taabu kuliko ile ya pua. Kwa hiyo kwetu sisi ni ya kushukia baada ya pua kupewa nafasi yake. Wiki iliyopita wastani wangu ulikuwa saa tano na nusu kwa usiku. Umeme ukikatika, basi tena, nakaa kitandani nasubiri.

Kama unayo mashine na imekushinda, usiitupie uvunguni. Rudi kwa daktari useme hivi hivi: nakauka mdomo, pua inaziba, hewa inavuja. Maneno hayo ndiyo yaliyoibadilisha mashine hii tangu 1980.

Na kama huna, leo usiku msikilize anayekoroma nyumbani kwako, awe baba, mke au mwenzako wa chumba. Mkoromo wenyewe usikutishe sana. Sikiliza pale unapokatika ghafla, kisha uanze kuhesabu.