Mapipa ya Baba

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakutueleza, hata hivyo, kama kila abadilishaye kazi ya baba yake ameiacha asili. Swali hilo liliwahi kuzigawanya familia katika vilima vya Barolo, kaskazini-magharibi mwa Italia, ambako watu hurithishana mashamba ya zabibu na ufundi wa kutengeneza mvinyo.

Mvinyo wa Barolo hutokana na zabibu iitwayo Nebbiolo. Kwa desturi ya zamani, maji ya zabibu huachwa yachachuke pamoja na maganda yake kwa majuma mengi, kisha mvinyo hulazwa miaka kadhaa katika mapipa makubwa ya mbao yabebayo maelfu ya lita. Ukiwa mchanga huwa na ukakasi mkali. Humtaka mnywaji asubiri, na mkulima asubiri fedha zake.

Mwaka 1983 Elio Altare, mkulima wa La Morra, aliyakata mapipa ya baba yake kwa msumeno wa mashine. Alikuwa amefika Ufaransa akaona wakulima wenzake wakineemeka, hali kwao maisha yalikuwa ya dhiki. Akaingiza mapipa madogo ya lita 225, ambayo huulainisha mvinyo mapema na kuutia harufu ya mbao. Baba yake alimnyima urithi.

Bartolo Mascarello, wa kijiji cha Barolo chenyewe, alikataa mapipa madogo. Wengine walipouza mvinyo wa kila shamba peke yake, yeye aliendelea kuchanganya zabibu za mashamba yake manne, kama alivyofanya baba yake Giulio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alichora kwa mkono lebo ya chupa iliyotangaza kwamba hataki mapipa hayo wala Berlusconi. Alifariki mwaka 2005, na binti yake Maria Teresa akaendelea na njia ile ile.

Nionavyo mimi, Altare hakuwa msaliti: alikimbia umaskini, na umaskini nao huua ufundi, maana vijana hukimbilia mjini. Lakini Mascarello alijua kwa nini pipa la baba lilikuwa kubwa: ladha ya mbao isiifunike ya zabibu. Kwa kuwa aliijua sababu, aliweza kukataa mtindo uliovuma, na binti yake akarithi sababu hiyo pamoja na mapipa.